Barua ya wazi kwa wamiliki wa klabu kumi na mbili za Ulaya: msitumie jina letu

Temeke, Dar es Salaam
8 Januari 2024

Kwa Waheshimiwa wamiliki, marais na wenyeviti wa klabu za AC Milan, Arsenal, Atlético Madrid, Barcelona, Chelsea, Inter Milan, Juventus, Liverpool, Manchester City, Manchester United, Real Madrid na Tottenham Hotspur.

YAH: SUPER LIGI YA ULAYA NA MATUMIZI YA JINA LA MASHABIKI WA MBALI

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na mada tajwa hapo juu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na nimekuwa mshabiki wa mojawapo ya klabu zenu tangu nikiwa mwanafunzi wa darasa la tano. Sitaitaja klabu yenyewe, kwa sababu jambo ninalolilalamikia, yaani kuanzisha Super Ligi ya Ulaya mwaka 2021 kwa jina la mashabiki wa mbali, mlilitenda nyote kumi na wawili, na sitaki barua hii igeuzwe kuwa utani wa jadi kati ya mashabiki wa timu moja na nyingine. Hii si barua yangu ya kwanza. Aprili 2021 niliiandikia idara ya mashabiki ya klabu yangu kwa barua pepe, nikajibiwa na mashine kwamba ujumbe umepokelewa. Mwezi uliofuata niliandika tena, kwa Kiingereza kilichopitiwa na mwalimu mwenzangu ili pasiwe na kisingizio cha kutoeleweka, na sikujibiwa kabisa. Desemba 2023, siku mbili baada ya hukumu ya mahakama ya Luxembourg kuhusu ligi yenu, niliandika mara ya tatu, na kilichonifikia baada ya wiki moja ni tangazo la punguzo la bei ya jezi. Ndipo nilipoona niandike hadharani, na kwa lugha yangu, maana klabu zenye biashara katika kila bara hazitakosa mtu wa kuwasomea.

Habari ya ligi yenu ilitufikia Jumapili ya 18 Aprili 2021. Ilikuwa Ramadhani. Fununu zilianza kuzagaa alasiri, watu wakiwa wanasubiri kufuturu. Baada ya tarawehe hapakuwa na mazungumzo mengine kibandani. Na tangazo lenyewe mlilitoa huku kwetu ikiwa imeshapita saa saba usiku, kwa hiyo wengi wetu tulilisoma wakati wa daku, simu mkono mmoja na kikombe cha uji mkono wa pili. Tulisoma kwamba mnaanzisha mashindano ya klabu 20, kwamba 15 kati ya hizo zitakuwa na viti vya kudumu visivyogombaniwa, kwamba klabu 5 tu ndizo zitakazoingia kila mwaka kwa kustahili, na kwamba waasisi watagawana yuro bilioni 3.5 za kuanzia, fedha zilizotoka benki ya JPMorgan ya Marekani. Tulisoma pia maneno ya Mheshimiwa Florentino Pérez, rais wa Real Madrid na mwenyekiti wa ligi hiyo, kwamba soka ndio mchezo pekee wa dunia nzima wenye mashabiki zaidi ya bilioni nne, na kwamba wajibu wa klabu kubwa ni kuitikia matakwa yao.

Hapo nilirudia kusoma. Miongoni mwa hao bilioni nne nimo mimi, yumo dereva wa bodaboda anayekaa benchi la mbele, na wamo wauza samaki wanaokuja kutoka Feri na harufu ya bahari bado iko kwenye nguo. Hakuna kati yetu aliyewahi kuulizwa matakwa yake.

Naomba niwaeleze kibandani ni wapi, kwa kuwa naamini hamjawahi kufika. Sisi tunakiita kibanda umiza, na jina lenyewe linaeleza namna watu wanavyobanana. Ni chumba cha mbao na mabati chenye mabenchi manane, runinga mbili, ving'amuzi viwili na feni moja inayozunguka ikipenda. Nje kuna ubao mweusi ambao mwenye kibanda huandika kwa chaki mechi za siku na saa zake. Kiingilio ni shilingi 500 kwa mechi ya kawaida na shilingi 1,000 kwa mechi kubwa. Siku ya mechi kubwa tunafika mia na zaidi, na wasiopata nafasi husikiliza nje na kuuliza kila kelele inapopigwa: nani kafunga? Hilo ndilo soko la kimataifa mnalolitaja katika hesabu zenu. Kwa heshima zote, naomba kuwasilisha hoja za watu wa soko hilo.

1. Mlisema kwa niaba yetu bila kutuuliza.

Vyombo vya habari vya Uingereza viliripoti siku zile kwamba katika mazungumzo ya ndani ya mradi wenu mashabiki wa nyumbani waliitwa mashabiki wa urithi, na sisi tulio mbali tukaitwa mashabiki wa kesho. Ikiwa taarifa hizo ni za kweli, basi mlitugawa mafungu mawili na kulitumia moja kuwa sababu ya kulipuuza la pili. Mantiki yake ilikuwa kwamba mtu wa Liverpool au Milan anapenda mechi za watani wake wa karibu kwa sababu ya mazoea ya ukoo wake, lakini mtu wa Dar es Salaam, Jakarta au Lagos anataka kuona majina makubwa tu yakikutana kila wiki.

Hiyo si kweli, na mngeuliza mngeambiwa. Sisi tumelelewa katika mji ambao Simba na Yanga hukutana mara chache kwa mwaka, na ndiyo maana mji mzima husimama. Mechi hiyo ingechezwa kila Jumamosi, nani angefunga duka mapema kwa ajili yake? Utamu wa kumwona Real Madrid akicheza na Manchester City umo katika kutokujua kama watakutana, na katika kujua kwamba kila mmoja amepita njia ya kumfikisha pale.

2. Viti vya kudumu vinafunga mlango ambao watoto wetu waliupitia.

Hapa naomba mnisikilize kwa utulivu, kwa sababu ndipo panaponiuma zaidi.

Jumanne ya 5 Novemba 2019 Liverpool, wakiwa mabingwa wa Ulaya, waliikaribisha Genk ya Ubelgiji pale Anfield katika hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa. Huku kwetu mechi ilianza saa tano usiku. Genk haikuwa na ubavu wa kifedha wa kushindana na yeyote kati yenu. Ilikuwa pale kwa sababu moja tu: msimu wa 2018/19 ilitwaa ubingwa wa Ubelgiji, na bingwa wa Ubelgiji alikuwa na haki ya kuingia. Mshambuliaji wake alikuwa Mbwana Samatta, kijana aliyekulia Mbagala, jirani kabisa na hapa ninapoandikia, aliyepitia African Lyon, Simba na TP Mazembe kabla ya kufika Ulaya.

Kibanda usiku ule kilijaa jezi nyekundu za Liverpool. Dakika ya 40 ilipigwa kona, Samatta akaruka mbele ya mabeki, akapiga kichwa, mpira ukaenda wavuni, ikawa 1-1. Siwezi kuwaeleza vizuri kilichotokea. Dereva wa bodaboda, shabiki wa Liverpool kindakindaki, alipanda juu ya benchi akiwa na jezi yake ya Liverpool na kushangilia bao dhidi ya Liverpool mpaka benchi likakatika, akaanguka na wenzake watatu, na wote wanne wakainuka wakilia na kukumbatiana. Mwenye kibanda alitoka nje na kipande cha chaki, akafuta neno Genk kwenye ubao, akaandika Samatta. Asubuhi yake, kabla ya kengele, nilikuta uwanja mzima wa shule watoto wanagombania nani awe Samatta kwenye chandimu. Liverpool walishinda mechi ile 2-1, na hakuna aliyejali.

Miaka saba kabla ya hapo, 7 Novemba 2012, ilikuwa zamu ya Wakenya. Celtic, waliofika makundi kwa ubingwa wa Uskoti na kwa kupita mechi za mchujo, waliifunga Barcelona 2-1 pale Glasgow, na bao la kwanza lilikuwa la kichwa cha Victor Wanyama.

Genk haimo katika orodha yenu, wala Celtic haimo. Katika mpango wenu, klabu za nchi zote 55 wanachama wa UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, ukiziondoa zenu, zingegombania nafasi tano. Mchezaji wa kwetu hafiki kwenu kwa kuruka moja kwa moja kutoka Temeke hadi Madrid. Hupita klabu za kati: Ubelgiji, Uskoti, Uturuki, Ugiriki. Klabu hizo zina sababu ya kumleta kijana wa Afrika Mashariki kwa sababu akiwapa ubingwa, ubingwa huo unawafikisha Anfield, na akifunga Anfield anaonekana. Samatta alifunga Novemba 2019, na Januari 2020 alikuwa mchezaji wa Aston Villa, Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya England. Mkiikata ngazi hiyo katikati, hamtukati sisi watazamaji peke yetu; mnamkata na yule mtoto wa chandimu.

Ninajua kwamba wazo hili halikuanza Aprili 2021. Machi 2020 Mheshimiwa Andrea Agnelli, wakati huo rais wa Juventus, alihoji hadharani kama ni sawa Atalanta, isiyo na historia ya kimataifa, iingie moja kwa moja Ligi ya Mabingwa kwa sababu ya msimu mmoja mzuri. Msimu uleule Atalanta ilifika robo fainali. Mtu akishinda shamba kwa jembe lake, haulizwi babu yake alilima nini.

3. Mlitaka kututenganisha na mashabiki wenzetu wa nyumbani.

Tuliyoyaona siku mbili zilizofuata tangazo lenu tuliyaona moja kwa moja kwenye runinga. Jumatatu ya 19 Aprili wachezaji wa Leeds walipasha misuli pale Elland Road wakiwa na fulana zinazosema kwamba soka ni la mashabiki, na mpinzani wao alikuwa Liverpool, mmojawapo wa waasisi. Baada ya mechi James Milner wa Liverpool alisema mbele ya kamera kwamba mpango ule haupendi na anatumaini hautatokea. Jumanne mashabiki wa Chelsea walijaa nje ya Stamford Bridge kabla ya mechi na Brighton mpaka Petr Čech, aliyekuwa kiongozi ndani ya klabu, akaenda katikati yao kuwasihi walipishe basi la timu. Kufikia usiku ule klabu zote sita za England zilikuwa zimejitoa au zimetangaza kujitoa, na kesho yake Atlético, Inter na Milan zikafuata.

Halafu ikaja Jumapili ya 2 Mei. Mechi ilikuwa Manchester United na Liverpool. Sisi tulikuwa tumeshalipa shilingi elfu moja moja, tumefuturu kwa tende na maji palepale kwenye mabenchi ili tusipoteze nafasi. Badala ya mechi tuliona watu wameingia uwanjani Old Trafford kupinga wamiliki wao, na baada ya kusubiri sana tukatangaziwa kwamba mechi imeahirishwa. Mwenye kibanda alirudisha viingilio mmoja mmoja, mlangoni. Kwake ilikuwa hasara ya siku kubwa kuliko zote za mwezi. Nilisubiri nisikie mtu akiwalaani wale waandamanaji, na sikusikia hata mmoja. Mzee mmoja, fundi cherehani, alisema: wale wanatusemea na sisi.

Naomba maneno ya fundi huyo myachukue kuwa msimamo wetu. Sauti za uwanjani tunazozisikia kibandani ni sauti zao. Nyimbo tunazoziimba bila kujua maana ya kila neno ni nyimbo zao. Mkiwafukuza wao kwa jina letu, mnatuachia runinga iliyo kimya.

4. Mliomba radhi, kisha mlango mkauacha wazi.

Mheshimiwa John W. Henry wa Liverpool aliomba radhi kwa video, na Arsenal waliandika kwamba wamekosea. Nilizipokea radhi hizo kwa moyo mmoja, na sina haja ya kuzirudia. Klabu sita za England zilikubali Juni 2021 kulipa kwa pamoja pauni milioni 22, na kukubali kukatwa pointi 30 kila moja ikirudia. Lakini Real Madrid na Barcelona hazikujitoa, Juventus ilitangaza mwaka 2023 tu kwamba inaanza taratibu za kutoka, na kampuni ya A22 ya Madrid imeendelea kuunadi mradi kana kwamba Aprili 2021 haikutokea.

Tarehe 21 Desemba 2023 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba kanuni za FIFA na UEFA za kutaka kibali kabla ya kuanzisha mashindano mapya zilikiuka sheria za ushindani. Real Madrid na Barcelona walishangilia. Klabu kadhaa kati yenu zilitoa matamko kwamba hazirudi, na kwa hilo nawashukuru. Ila wote tunajua kwamba tamko la ukurasa mmoja linaweza kufutwa na tamko jingine la ukurasa mmoja, na mahakama ileile ilisema wazi kwamba hukumu yake haina maana kwamba mradi kama wenu lazima ukubaliwe.

Waheshimiwa, nimejadiliana na wenzangu kwa muda mrefu juu ya majibu mnayoweza kutoa, na ni haki niyajibu mapema.

Mnaweza kusema kwamba Ligi Kuu ya England nayo ilizaliwa mwaka 1992 kwa kujitenga, na leo dunia nzima inaitazama. Ni kweli ilijitenga, na kwa ajili ya fedha za televisheni. Lakini haikufuta kupanda na kushuka daraja. Ndiyo maana Leicester, walioponea chupuchupu kushuka mwaka 2015, waliweza kuwa mabingwa mwaka 2016, na msimu uliofuata wakafika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa. Mlichokiiga ni kujitenga, mkaacha kilichoifanya ligi ile ipendwe.

Mnaweza kusema kwamba UEFA si malaika. Hatusemi kwamba ni malaika. Mfumo wake mpya unaoanza msimu wa 2024/25, wa klabu 36 na mechi 189 badala ya 125, unatutia wasiwasi kwa miili ya wachezaji, na ule mpango wake wa awali wa kutoa nafasi mbili kwa kuangalia rekodi za zamani ulikuwa na harufu ileile ya viti vya kudumu mpaka ulipoondolewa Mei 2022. Kosa la UEFA halihalalishi lenu.

Mnaweza kusema kwamba klabu zina madeni na janga la korona liliwaumiza. Liliwaumiza kweli, viwanja vilikuwa vitupu, tuliviona. Hata hivyo Barcelona, ambayo Agosti 2021 rais wake Mheshimiwa Joan Laporta alitangaza deni la yuro bilioni 1.35, ilikuwa imeshawanunua Dembélé, Coutinho na Griezmann kwa zaidi ya yuro milioni 100 kila mmoja kabla mtu yeyote hajasikia neno korona. Mwenye kibanda chetu alifunga miezi kadhaa mwaka 2020 kwa kukosa mechi za kuonyesha. Alipofungua alianza upya kwa kuuza runinga moja kati ya tatu.

Mnaweza kusema, kama alivyosema Mheshimiwa Pérez kwenye televisheni ya Hispania, kwamba vijana wameanza kuacha kutazama soka na kwamba huenda mechi ni ndefu mno. Mimi nashinda na vijana. Darasa langu lina wanafunzi zaidi ya sabini, na kila Jumatatu asubuhi lazima niwape dakika tano za kumaliza mabishano ya mechi za Jumapili kabla sijaandika tarehe ubaoni. Mtoto anayeshindwa kukaa dakika 90 ni yule ambaye matokeo hayana maana kwake, na ligi isiyo na kushuka ni kiwanda cha mechi za namna hiyo.

Mnaweza kusema kwamba mpango mpya ni tofauti. A22 ilitangaza, siku ileile ya hukumu, ligi ya klabu 64 za wanaume katika madaraja matatu, yenye kupanda na kushuka baina yake, na mechi zote zionyeshwe bure kwa intaneti. Nimeusoma. Anayetoka katika ligi ya nchi yake angeingilia daraja la chini kabisa, kisha apande, kisha apande tena. Kwa hiyo Genk wa 2019 asingekutana na wakubwa wa daraja la juu mpaka msimu wa tatu, na tumeshaona kwamba Samatta hakukaa hata miezi mitatu baada ya bao lake. Ama kuhusu bure, naomba aliyeandika neno hilo aje anunue bando hapa mtaani, kisha ahesabu dakika 90 za picha zinazosomeka zitamaliza fedha ya siku ngapi. Kibandani tunachanga shilingi mia tano na tunatazama pamoja. Bure ya kila mtu na simu yake, yenye bando lake, kwetu ni ghali kuliko kiingilio.

Na mnaweza, mwisho, kutuonyesha kidole kwamba hata Afrika tumefanya hivyo. Ligi ya Soka Afrika ilizinduliwa Arusha, Agosti 2022, ikiwa na ahadi ya klabu 24, na ilipochezwa ilikuwa na klabu 8. Mimi ni mtu wa Simba, na Ijumaa ya 20 Oktoba 2023 nilikuwa Uwanja wa Benjamin Mkapa tukitoka sare ya 2-2 na Al Ahly katika mechi ya ufunguzi. Nilifurahi, siwezi kusema uongo. Mashindano yale yaliandaliwa na CAF yenyewe, shirikisho la soka la Afrika, na hakuna klabu iliyoikimbia ligi yake, kwa hiyo si sawa na yenu. Lakini pembeni yangu alikaa mke wangu, ambaye ni Yanga, na aliniuliza swali ambalo mpaka leo sina jibu lake: Yanga ni bingwa wa Tanzania mara mbili mfululizo, na Mei na Juni alicheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, akapoteza kwa USM Alger ya Algeria kwa kanuni ya bao la ugenini, kwa nini bingwa yuko nje na Simba yuko ndani? Hata USM Alger, waliobeba kombe, hawakualikwa. Nilijua usiku ule kwamba kualikwa kunaweza kuwa kutamu kwa anayealikwa na bado kukawa si haki. Kwa sababu hiyo siandiki barua hii kama mtu anayetazama dhambi ya wengine kutoka mbali.

Kwa hayo yote, mimi na wenzangu tunaomba mambo yafuatayo.

(a) Kila klabu kati ya kumi na mbili iandike katika katiba yake, au katika waraka wa umiliki wake usioweza kubadilishwa bila ridhaa ya mashabiki, kwamba haitajiunga na mashindano yoyote yenye viti vya kudumu. Mwaka 2023 Serikali ya Uingereza iliahidi sheria ya kuweka msimamizi huru wa soka; hiyo itawabana sita kati yenu. Hispania na Italia hatujasikia ahadi kama hiyo, na kwa hiyo tunaielekeza zaidi kwa Waheshimiwa Pérez na Laporta, ambao klabu zao zinamilikiwa na wanachama na zinaweza kuitisha kura.

(b) Klabu zenye mabaraza ya ushauri ya mashabiki, yaliyoundwa baada ya Aprili 2021, zitenge humo nafasi kwa wawakilishi wa matawi ya nje ya Ulaya, wachaguliwe na matawi yenyewe. Kiti kimoja kwa Afrika kinatosha kuanzia.

(c) Mpaka hapo mtakapokuwa mmetuuliza, msitaje mashabiki wa dunia, mashabiki wa kesho wala hao bilioni nne katika tangazo, shauri la mahakamani au mazungumzo na benki kama sababu ya kubadili mashindano.

(d) Barua za mashabiki zijibiwe na mtu.

Tunaomba majibu kabla ya msimu huu kumalizika mwezi Mei. Nimeibandika nakala ya barua hii kwenye mlango wa kibanda, chini ya ubao wa mechi, na mwenye kibanda ameacha nafasi pembeni yake kwa ajili ya kubandika majibu yenu yatakapofika. Watu 63 wameweka sahihi zao kwenye daftari la mazoezi linalotunzwa kaunta, kila mmoja akiandika na timu yake. Si zote kumi na mbili zilizomo, lakini tisa zimo.

Naomba kuwasilisha.

Ni mimi,
Mwalimu, mshabiki, kwa niaba ya wenzangu wa kibandani,
Temeke, Dar es Salaam.